Maharage ya Majaribio Msibani

Baba mkwe alifariki wiki ile ile tuliyokuwa tunamalizia kuanika maharage ya majaribio. Alikuwa mzee, aliugua muda mrefu, na alipopumzika sote tulisema Mungu amemhurumia. Kwa hiyo si kifo chenyewe kilichonitoa jasho. Kilichonitoa jasho ni mifuko iliyopangwa chini ya kitanda changu.

Kwetu ni Kanazi, Ngara, upande wa mteremko ambao mvua haiukosi. Tuna migomba kuzunguka nyumba kama kila mtu, na mbele yake shamba la maharage. Maharage yenyewe yalikuwa yale aliyoyakuta marehemu mama mkwe alipoolewa hapa: mchanganyiko wa mekundu, ya njano, meusi na yenye madoa kama mayai ya kware, yote kikapu kimoja na shimo moja. Sufuria ya maharage yale ilipendeza hata kabla hujaonja. Ila kwa misimu kadhaa mfululizo yalikuwa yanatufia. Yanaota vizuri, yanatoa majani, mvua ikishika kasi yanageuka njano na kulala chini kama yamemwagiwa maji ya moto. Yaliyosalia yanapata kutu. Ukipita katikati yake unatoka na vumbi la rangi ya tofali kwenye gauni. Tulipanda debe tukavuna debe, na msimu mwingine hata debe la mbegu halikurudi.

Ndipo bwana shamba wa kata alipotuletea mgeni, mtaalamu wa mbegu aliyekuwa akifanya kazi upande wa Biharamulo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini mno. Baba mkwe, ambaye masikio yake yalikuwa yameshaanza kuchoka, alimwambia siku hiyo hiyo ya kwanza, "Mwanangu, sema na mimi. Unasema na shati lako."

Mgeni alikuwa anatafuta mkulima atakayempa kipande cha shamba lenye ugonjwa. Alilirudia hilo: lenye ugonjwa. Mume wangu akacheka, akamwambia basi hapa amefika.

Alitueleza kazi yake tukiwa tumekaa barazani. Alisema yako maharage ambayo mizizi yake haiozi hata shamba likigeuka tope, lakini yakipikwa hayana ladha na rangi yake sokoni haitakiwi. Na yako kama haya yetu, matamu, lakini hayavumilii. Basi wao huchukua ua la harage moja kabla halijafunguka, wakalifungua kwa kibano, wakaondoa chavua yake na kulipaka chavua ya lile lingine. Punje zinazopatikana hupandwa, yakachaguliwa mazuri, yakapandwa tena, yakachaguliwa tena, miaka na miaka.

"Kumbe mnayaoza," mume wangu akasema, akimaanisha wanayafungisha ndoa.

"Tunayaoza ili yasioze," akajibu yule mtaalamu kwa sauti yake ile ile ya kwenye shati, na hapo ndipo nilipoona kwamba kumbe ni mtu wa utani.

Tulicheka sana. Baba mkwe akauliza kulikoni. Mume wangu akamfasiria kwa Kihangaza, lakini utani ulipotelea njiani, mzee akatutazama mmoja mmoja kama watoto waliokula kitu kibaya. Kisha akakata shauri, maana shamba lilikuwa lake. "Mpeni pale mbele ya nyumba. Nataka niyaone nikiwa kwenye kiti."

Tukapanda mwanzoni mwa masika. Kila aina ilikuwa na mistari yake na kijiti chenye namba, na pembeni tukapanda mchanganyiko wetu uwe wa kulinganishia. Mvua ya mwaka ule haikutuonea haya. Ilinyesha mpaka matuta yakalainika, na maharage yetu yakafanya kama kawaida yake, yakawa njano, yakalala. Baadhi ya yale yenye namba nayo yakalala. Mengine yakabaki yamesimama, ya kijani, kana kwamba yamepandwa katika wilaya nyingine. Baba mkwe aliyafuata kwa macho kila siku akiwa kwenye kiti chake, amejifunga blanketi. Alipoanza kushindwa kutoka nje alikuwa akiniuliza nikimpelekea uji, "Yale ya upande wa mparachichi bado?" Namwambia bado, baba, yamesimama. Anafumba macho, anakunywa.

Tulivuna mapema Juni, jua likiwa zuri. Masharti ya mtaalamu yalikuwa mepesi kuyaelewa: kila namba ivunwe peke yake, ipigwe peke yake, iwekwe mfuko wake. Tusichanganye, tusipunguze, tusionje, mpaka aje apime na kuchukua mbegu. Baada ya hapo yote yanayobaki ni yetu. Akatuambia sababu pia. Mbegu za aina zile walikuwa nazo kwao, lakini namna zilivyozaa kwenye udongo wa Kanazi, kwenye ugonjwa wa Kanazi, hiyo wangeijua kwenye mifuko ile tu. Ikipotea, msimu mzima umepotea. Niliiweka chini ya kitanda changu kwa sababu stoo ina panya.

Kisha mzee akafariki, asubuhi, mume wangu amemshika mkono.

Msiba wa mtu mzima mwenye wajukuu wengi si mdogo. Kabla ya saa sita uwanja ulikuwa umejaa. Wanajumuiya walileta kuni, ndizi na maji, vijana wakafunga turubai, katekista akaanza sala. Mazishi yalipangwa kesho yake alasiri ili ndugu wa Biharamulo na wa Nyakisasa wawahi. Na aliyetoka Nyakisasa kwanza kuliko wote alikuwa dada wa marehemu, shangazi wa mume wangu.

Huyo ndiye mtu ambaye nyumba nzima ilimwogopa kwa heshima. Mrefu, mkavu, amezoea kuongoza jiko la kila msiba wa ukoo. Alilia kwa ndugu yake mpaka sauti ikakauka, akajipangusa, akajifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni kuhesabu sufuria. Shangazi alisema Kiswahili kizuri, ila akikasirika zile l na r zilimhamia, hii inakaa mahali pa ile, na sisi wakwe tulijua hapo hakuna wa kucheka.

"Mke wetu," akaniita, "maharage yako wapi?"

Nikamwambia ukweli kwamba shamba letu halikutoa kitu, kwamba yaliyopo jikoni ni ya kutosha chungu kimoja. Akatikisa kichwa. Nikadhani mambo yameishia hapo. Nikaenda kupokea wageni.

Niliporudi, nilimkuta ameketi mlangoni mwa chumba changu na mifuko yote iko nje, amezungukwa na wanawake wenye nyungo mapajani. Mfuko mmoja kamba yake ilikuwa imeshafunguliwa.

"Shangazi," nikasema, "nakuomba. Hayo siyo ya kupika."

"Siyo ya kupika? Ni ya kuvaa?"

"Ni ya majaribio. Si yetu bado. Mwenyewe hajaja kuyapima."

Nyungo zikatulia. Wanawake wote wakawa wananitazama, na wengine walikuwa majirani zangu, watu ninaokutana nao kisimani kila siku. Shangazi akasimama.

"Ndugu yangu amerara ndani," akasema, "watu wamekuja kumria, na wewe mke wa mtoto wake unaficha maharage uvunguni?"

Nilipiga magoti nikafunga ule mfuko, nikairudisha yote ndani mmoja mmoja huku machozi yananitoka. Walionipita walidhani namlilia baba mkwe. Na kweli nilikuwa namlilia, lakini nilikuwa nalilia na mifuko.

Mume wangu aliitwa. Alikuwa amekaa na wanaume chini ya turubai, macho mekundu, na sasa anatakiwa achague kati ya mke na shangazi siku ya kifo cha baba yake. Alinisikiliza, akamsikiliza shangazi. Kisha akasema kwa upole, "Shangazi, hata baba alitoa neno lake juu ya maharage yale. Nipe nafasi nimpigie simu mwenye mbegu." Akapanda mteremko hadi kwenye migomba ya juu ambako mtandao unapatikana.

Alichukua muda. Aliporudi alisema mtaalamu yuko Biharamulo, ametoa pole, na amesema tumsubiri, atakuja. Kwamba tupike au tusipike, hakusema.

Jioni ile waombolezaji walikula ndizi za chumvi na dagaa kidogo. Hakuna aliyenung'unika kwa sauti. Shangazi aliwapakulia mwenyewe, na kila sahani ilipopita mbele yangu niliiona ilivyo nyepesi. Hakunisemesha. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Nilikuwa nawaza kwamba mtu yule atafika kesho na mzani wake, atapima, atachukua mifuko yake na kuondoka, na mimi katika ukoo huu nitabaki kuwa mwanamke aliyewanyima wafiwa chakula.

Alifika siku ya pili kabla ya saa nne, amepakiwa kwenye gari la mizigo lililotoka Nyakahura, upande wa Biharamulo, vumbi hadi kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na mfuko wa sukari wa rambirambi na begani begi lake la kazi. Hakuligusa lile begi. Alikwenda kwanza kwenye jeneza, akasimama pale kitambo. Akawapa pole wanaume, akakaa nao. Alipoletewa maji alikunywa. Mimi nilikuwa namtazama nikiwa jikoni.

Baadaye akaja upande wa wanawake, akasimama mbele ya shangazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Poleni sana na msiba. Mzee alinipa shamba lake. Nimeambiwa nimewacheleweshea chakula."

Shangazi akamtazama kuanzia nyusi hadi viatu. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa mtu mwingine kabisa, mtu wa kiatu kinachong'aa na maneno mengi.

"Naomba mniruhusu nipime hapa hapa," akaendelea. "Haitachukua muda. Nikishachukua mbegu kidogo kwa kila mfuko, yote yaliyobaki ni ya nyumba hii. Mpike, watu wale."

Nilikaa chini. Mwanamke mmoja wa jumuiya akanishika bega akaniuliza kama najisikia vibaya, nikamwambia hapana, najisikia vizuri sana, nikaanza kulia tena.

Mzani wake ulikuwa wa kuning'iniza. Aliufunga kwenye tawi la mparachichi, na kwa muda mfupi nusu ya msiba ilikuwa pale. Vijana walinyanyua mifuko, katekista mwenyewe akawa anasoma namba kwa sauti ya kanisani. Mfuko mwepesi ukipimwa watu wanasikitika, mzito ukipimwa wananong'ona, "Huu umezaa, bwana!" Ule wa mchanganyiko wetu ulipoinuliwa, mshale haukusogea sana. Mjomba mmoja akauliza kama ndani kuna kitu au ni hewa ya Kanazi, na hapo watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Hata mume wangu alitabasamu.

Alipomaliza kuchukua mbegu zake shangazi alikuwa ameshasogeza sinia kubwa. "Sasa mimina yote humu."

Mtaalamu akasita. "Mama, kama kuni zinatosha, ningeomba jambo moja. Kila namba iwe na sufuria yake."

"Kwa nini?"

"Mimi najua yapi yanazaa. Yapi yanaiva upesi, yapi ni matamu, hilo nitaambiwa na wapishi. Na wapishi wengi namna hii sitawapata tena."

Shangazi akageuka, akapiga makofi mara moja. Sufuria zikatoka kila nyumba ya jirani, mafiga yakapangwa nyuma ya nyumba kutoka jikoni mpaka kwenye banda la mbuzi, na kila sufuria ikapewa mwanamke wake. Kijiti cha namba kikachomekwa kando ya moto. Shangazi akawa anapita kutoka moto hadi moto na mwiko mmoja, anachota punje, anaibonyeza kwa kidole gumba, anasonga mbele. Mimi alinipa sufuria ya yale ya upande wa mparachichi. Hakuniangalia aliponipa, lakini alinipa yeye mwenyewe.

Yangu yaliiva mapema kuliko yote. Yalikuwa na rangi nyekundu iliyokolea, na mchuzi wake ukawa mzito bila kuongezewa kitu. Shangazi alionja, akaonja tena, akasema tu, "Haya." Kulikuwa na namba nyingine nzuri ya macho, nyeupe yenye mstari, iliyokuwa nzito sana kwenye mzani. Hiyo ilichemka, ikachemka, ikabaki mawe. Ilimaliza kuni za watu wawili. Shangazi alimwita mtaalamu aje aione.

"Hii," akamwambia, "usimpelekee mtu mwenye mke."

Mtaalamu alikubali kwa kichwa, kwa unyenyekevu mkubwa.

Tulimzika baba mkwe alasiri, karibu na mkewe, chini ya migomba. Jua lilikuwa kali na udongo mkavu, na padri hakurefusha. Watu waliporudi kutoka kaburini walikuwa na njaa ya kweli, ile ya mtu aliyelia, aliyebeba na kusimama juani. Tukawapakulia ugali na ndizi, na maharage juu yake, sahani zimejaa. Kelele zote zikaisha. Ilisikika ile sauti tu ya watu wengi wanaokula na kushiba, na mtoto mmoja akiomba aongezwe.

Mke wa mwenye duka mmoja wa Ngara mjini, ambaye familia yake ilikuja zamani kutoka pwani kwa biashara, alikuwa amekuja na mumewe kutupa pole. Alikula ya sufuria yangu, akaja jikoni kwa adabu, akaniuliza kama maharage haya yanauzwa. Nikamwambia hayana hata jina.

"Basi yakipata jina niambie," akasema. "Wateja wangu huniuliza kila siku maharage yanayoiva bila kumaliza mkaa."

Mume wangu alikuja nyuma ya nyumba watu walipopungua. Alikaa kwenye kigoda karibu nami, nikampa sahani. Alikuwa hajala kitu cha maana tangu asubuhi ya jana. Alikula taratibu mpaka katikati, akasimamisha mkono, na ndipo akalia, kwa mara ya kwanza, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti kubwa. Sikumwambia anyamaze. Nilishika sahani isimwangukie. Baada ya hapo akajipangusa kwa mkono wa shati, akamaliza chakula chote, akasema, "Tumemzika vizuri." Nikasema ndiyo. Na ilikuwa kweli. Nilihisi mwili wote umelegea, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya kupanda kilima.

Shangazi alikaa nasi mpaka matanga yakaanuliwa. Hakuniomba radhi, na mimi sikutegemea. Mtu wa umri wake haombi radhi kwa maneno. Siku ya kuondoka aliniita chumbani, akaniuliza kama katika yale mekundu mbegu ilibaki. Ilibaki, kiasi. Akafungua pindo la kanga yake, nikammiminia, akafunga fundo akalikaza kwa meno.

"Wewe ni mkaidi," akaniambia.

"Nisamehe, shangazi."

"Sijasema ni vibaya."

Mtaalamu aliendelea kuja misimu iliyofuata. Ile nyeupe hatukuiona tena. Ile nyekundu ilipandwa kata ya Kirushya na kwingineko, ikaliwa tena na watu wengine, na mwishowe ikaruhusiwa kwenda kwa wakulima. Jina walilolipa ni la kitaalamu, herufi na tarakimu, hakuna anayelikumbuka. Hapa Kanazi tunaiita ya msibani, na hakuna anayeona ubaya. Kutu huipata kidogo ikizeeka. Si maharage ya mbinguni. Lakini mvua ikinyesha inabaki imesimama.

Zamani masika yakishika, mume wangu alikuwa anafunga godoro lake kwenye baiskeli anakwenda Biharamulo kutafuta shamba la kukodi, kwa sababu hapa tulijua hakuna kitu. Mwaka huu mvua ilianza vibaya, siku kadhaa bila kupumzika, mpaka barabara ya chini ikakatika. Nilikuwa nachambua mchele dirishani. Simu ikalia, ni shangazi kutoka Nyakisasa, anapiga kelele kwa sababu hata kwake mvua ilikuwa inapiga bati.

"Yako vipi?" akauliza, bila salamu.

Nikachungulia nje. "Yamesimama, shangazi. Ya kwako?"

"Yamesimama. Majirani wameanza kuja kuomba."

"Utawapa?"

"Nitawapa, nitafanyaje? Lakini kwanza nawaacha waombe kidogo." Akacheka, nami nikacheka. Halafu akaniuliza mwanawe, yaani mume wangu, yuko wapi na mvua yote hii. Nikamwambia amelala, anakoroma, na baiskeli iko stoo.